Mjomba na Mstari wa 21

Mjomba wangu alifika Louisville, Kentucky, mwaka 2005 akiwa na Kiingereza kamili na masikio nusu. Nusu nyingine aliiacha Tanga, kwenye mashine ya kukwangua mkonge, ambako alisimama kama nyapara kwa sehemu kubwa ya utu uzima wake. Aliyewahi kupita karibu na korona, ndiyo hiyo mashine, ikiwa kazini anajua kwamba pale watu hawazungumzi. Wanapungiana mikono, na jioni wakifika nyumbani wanawapigia wake zao kelele bila ugomvi wowote. Kiingereza alikipata shule ya kati enzi za mkoloni, na mpaka leo gazeti analisoma lote, zabuni za serikali na tanzia za watu asiowajua zikiwemo. Kwa hiyo nilipomketisha mbele ya televisheni nilidhani kazi ya kumpokea mgeni imekwisha.

"Hawa wanaongelea puani," alisema baada ya taarifa ya habari. "Na bado wanakimbia. Waambie waandike."

Nikamwambia, Mjomba, mbona wanaandika. Nikachukua rimoti, nikabonyeza kitufe chenye herufi CC, na chini ya picha pakatokea ukanda mweusi wenye herufi nyeupe, kubwa kubwa, unaoandika kila alichotamka mtangazaji. Mjomba akavaa miwani. Akasoma kimya kwa muda, kisha akanigeukia na swali lililokula jioni zangu nyingi: "Haya maandishi yanatoka wapi?"

Mimi ni dereva wa foklifti ghalani. Lakini ukitangulia kufika Marekani, ukoo unakuhesabu fundi wa kila kitu chenye waya, na fundi hamjibu mjomba wake "sijui". Nikaenda maktaba.

Televisheni ya analojia ya Marekani ilichora picha kwa mistari 525. Mwale wa elektroni ulianzia juu, ukachora mstari, ukashuka, ukachora mwingine, mpaka chini kabisa, halafu ikabidi urudi juu kuanza upya. Safari ya kurudi ilikuwa na muda wake. Kwa binadamu ni muda usioonekana, kwa mwale ni mrefu, na wakati wote huo stesheni iliendelea kurusha mistari isiyo na picha, iliyokaa juu ya ukingo wa kioo pasipofikiwa na macho ya mtu. Wahandisi nao ni watu wasiovumilia kuona nafasi imekaa bure. Mstari wa 19 wakaupa alama ya kuisaidia seti kufuta vivuli vya picha. Wa 20 ukaweza kubeba alama za Nielsen, wale wanaopima nani anatazama nini. Na wa 21, ule wa mwisho kabla picha haijaanza, wakautia maandishi. Bibi zetu walifanya vivyo hivyo na pindo la kanga: nguo watu wote wanaiona, noti iliyofungwa pembeni anaijua mwenyewe.

Mjomba hakutosheka. Mtu wa kiwandani haamini mashine mpaka kifuniko kifunguliwe.

Ikanibidi nitafute televisheni ndogo ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, kwenye duka la mitumba. Niliitaka kwa sababu ya kitufe kimoja tu cha kuzungusha kilichokuwa nyuma yake, kile cha kuizuia picha isipande. Vijana wa leo hawakijui. Ukikilegeza kidogo, picha inaanza kutembea kwenda juu: kichwa cha mtangazaji kinatoweka, kinaibukia chini ya tai yake mwenyewe, na katikati ya picha moja na nyingine unapita mkanda mweusi. Nikakizungusha taratibu mpaka ule mkanda ukasimama katikati ya kioo, ukitetemeka. Mjomba akasogeza kiti.

Ukiutazama kwa karibu, mkanda ule haukuwa mtupu. Ulikuwa na vistari vya kijivu na vyeupe, na ukingoni kabisa, pale picha inapoanzia, palikuwa na mstari mmoja mwembamba wa vidoti. Upande wa kushoto vidoti vilitulia, vimejipanga saba kwa safu, haviondoki. Hivyo ndivyo vinavyoipa seti mdundo wa kusomea. Upande wa kulia vidoti vilicheza. Mtangazaji akiongea, vinacheza kwa fujo. Akinyamaza, baada ya kitambo navyo vinatulia. Herufi mbili tu kwa kila picha nzima, lakini kwa kasi ya mwale ni takriban herufi 60 kwa sekunde, na hakuna mtangazaji anayeongea hivyo, hata wa mpira.

Mjomba aliweka kidole juu ya kioo. "Anaongelea hapa?"

"Hapo hapo."

"Basi huyu ana maneno kuliko yule mwenye tai."

Chimbuko la mstari huo nalo lina vichekesho vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, kule Boulder, Colorado, walitaka kuitumia mistari mitupu ya televisheni kusambaza saa sahihi nchi nzima, wakishirikiana na shirika la televisheni la ABC. Hiyo saa haikupata soko. Ila waligundua kwamba panapopita saa na maneno yatapita, na mwaka 1972 wakawaonyesha viziwi wa chuo cha Gallaudet, mjini Washington, tamthilia ya Mod Squad iliyofichiwa maandishi ndani ya matangazo ya kawaida. Matangazo ya kudumu yalianza tarehe 16 Machi 1980 kwenye ABC, NBC na PBS. Mtazamaji alitakiwa kununua kisanduku cha kuyasoma maandishi hayo, kilichouzwa na maduka ya Sears kwa takriban dola 250. Sheria ya 1990 ndiyo iliyomaliza habari ya kisanduku: kuanzia Julai 1993, kila seti ya inchi 13 au zaidi inayouzwa Marekani ilipaswa kuwa na kisomaji ndani yake. Ndiyo maana seti yetu ya chogo, ambayo wanaume wawili waliipandisha ngazi kwa dua, ilikuwa na kitufe cha CC bila sisi kukilipia.

"Walitafuta saa, wakaokota maneno," Mjomba alisema. Tutakuja kwenye saa.

Ajali ya kwanza haikukawia. Kidole gumba cha mtu aliyeshika singa za mkonge miaka yote ile hakibonyezi kitufe mara moja. Kwenye rimoti yetu CC1 ilifuatiwa na CC2, CC3, CC4, kisha T1 mpaka T4, na Mjomba alipitiliza. Nilirudi kutoka kazini nikakuta nusu ya kioo imefunikwa na jisanduku jeusi tii, wacheza mieleka wanaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, mama watoto anasoma Ayatul Kursiy jikoni, na Mjomba ameketi mbele ya lile jisanduku akisubiri kwa adabu. Aliamini ni tangazo la msiba wa kitaifa ambalo bado linaandikwa.

Ilikuwa T1. Herufi T ni ya huduma ya kurasa za maandishi marefu, ratiba na taarifa, iliyopita kwenye mstari uleule. Stesheni nyingi hazikuitumia, na seti ikiambiwa ionyeshe kurasa ambazo hazipo inafanya kile inachokijua: inatandika ubao mweusi na kungoja. Ingengoja mpaka kiama. Dawa ni kuendelea kubonyeza mpaka urudi CC1. Nilimwekea Mjomba kipande cha plasta juu ya rimoti chenye namba moja kwa wino. Wino ukafutika, plasta ikabaki.

Wiki nyingine akawa anatazama habari kwa Kihispania. Picha ya mwale huchorwa kwa awamu mbili, na kila awamu ina mstari wake wa 21. Kiingereza kilipita kwenye awamu ya kwanza, na baadhi ya vipindi vilipitisha Kihispania kwenye ya pili, ndiyo CC3. Mjomba hakulalamika. Alidhani Kiingereza kimebadilika tangu wakoloni waondoke.

Lakini shida kubwa ilikuwa antena. Minara ya televisheni ya Louisville iko ng'ambo ya mto Ohio, kwenye vilima vya Floyds Knobs, jimbo la Indiana, na sisi tulikuwa na antena ya ndani yenye masikio mawili marefu juu ya chogo. Hapa nataka mnielewe vizuri, maana wengi wanadhani maandishi yanaharibika pale tu picha inapoharibika. Sivyo. Jicho la mtu linasamehe: picha ikiwa na chenga kidogo au kivuli, bado unamjua Hulk Hogan. Mstari wa 21 hausamehe. Kila herufi ni namba saba za sifuri na moja, na ya nane ya kuzihakiki, na wimbi lililogonga jengo la jirani likachelewa kidogo kufika linatosha kuzichanganya. Seti ikiona hesabu haitimii, inatupa ile herufi na kuweka tofali jeupe mahali pake. Mjomba akawa anasoma: "THE PRES■DENT S■ID TH■■ MORN■NG". Akachukua kalamu na daftari, akawa anajaza mapengo kama fumbo la gazetini. Nilipoelekeza antena vizuri na matofali yakaisha, alinilaumu kwa kuharibu mchezo.

Yapo maneno ambayo seti haipaswi kuyapoteza kabisa, nayo ni amri: panga mstari mpya, futa, onyesha. Wahandisi waliamua kila amri itumwe mara mbili mfululizo. "Walikuwa na watoto," Mjomba alisema. Hata hivyo kuna usiku zote mbili zilipotea. Tulikuwa tunatazama mhubiri, akamalizia kwa kuwaonya wenye dhambi, amri ya kufuta haikufika, na onyo lile likabaki juu ya matangazo ya pizza, ya mikopo ya magari, na ya dawa ya kuotesha nywele, mpaka kipindi kingine kilipoanza. Mimi nililiona kosa la mitambo. Mjomba aliliona jambo jingine, na kwa miezi hakugusa pizza.

Antena yenyewe ilipata nguvu ikishikwa na mtu. Hili halina haja ya kuelezwa kwa msomaji aliyekulia Afrika Mashariki, aliyewahi kutumwa juu ya bati akazungushe nguzo huku chini wanapiga kelele "hapo! rudi! umepitiliza!" Nilidhani nimeyaacha hayo Tanga. Mtoto wangu wa kiume, mzaliwa wa Kentucky, asiyejua bati wala nguzo, alisimama kando ya chogo ameshika sikio la kushoto la antena mpaka mieleka ikaisha, akiambiwa kwa Kiswahili asihame.

Februari 2008 Rais George W. Bush alizuru Tanzania, na nyumba nzima ikajaa. Walikuja Watanga, Wakongo wa jengo la pili, na shemeji aliyeendesha gari kutoka Cincinnati. Habari za moja kwa moja huandikwa na mpigachapa mwenye mashine maalumu: habonyezi herufi moja moja, anakandamiza vitufe kadhaa kwa mpigo kwa kufuata sauti, na kompyuta inatafuta kwenye kamusi yake neno linalofanana na sauti hiyo. Kazi hiyo ilianza 1982, na watu wake ni wepesi ajabu. Ila kamusi ya kompyuta ile haikuwahi kufika Mzizima. Rais wetu akatokea kwenye kioo kama "KICK WET TEA". Sebule ikalipuka. Kabla hatujatulia, mji ukapita: "DAR S SALAMI".

"Soseji," Mjomba alisema, uso umekunjamana. "Mji mzima wameufanya soseji, tena sijui ya mnyama gani."

Namtetea yule mpigachapa mpaka leo. Alikuwa na sekunde mbili tatu za kuandika jina ambalo hajawahi kulisikia, lililotamkwa na mtangazaji ambaye naye hajawahi kulitamka. Mpe mtu wa Chumbageni, kule Tanga, aandike "Massachusetts" kwa kasi ile tuone.

Sasa saa.

Kwenye awamu ya pili ya mstari wa 21, zaidi ya Kihispania, stesheni ziliweza kupitisha taarifa nyingine ndogo ndogo: jina la kipindi, daraja la kipindi kwa ajili ya kufuli la wazazi, na saa. Deki nyingi za video za miaka ile ziliachana na ile "12:00" inayomwekamweka milele, zikawa zinajitafutia saa hewani, mara nyingi kutoka stesheni ya umma. Sisi deki yetu tulipewa na binamu wa Nashville, Tennessee, aliyehamia kwenye DVD. Kati ya Nashville na Louisville hapafiki saa tatu za barabara, lakini Nashville wako nyuma kwa saa moja.

Saa inayorushwa hewani ni ya ulimwengu, ileile kwa nchi nzima. Deki ndiyo inayopiga hesabu ya mahali ilipo. Na deki ya binamu, ndani ya menyu ambayo hakuna mtu alikuwa ameifungua tangu siku iliponunuliwa, ilijiona bado iko Nashville. Tukairekebisha jioni kwa mkono. Tukaizima. Usiku deki ikaamka yenyewe, ikasikiliza mstari wa 21, ikapiga hesabu kwa uaminifu, na asubuhi ikawa imerudi Nashville. Tukairekebisha tena. Ikarudi tena. Mieleka ya Mjomba ikawa inarekodiwa kuanzia pale mshindi anapoinuliwa mkono.

Hayo yangesameheka. Lakini Mwezi wa Ramadhani ulifika Oktoba, na Mjomba, aliyekuwa analala sebuleni, alikula daku kwa kutazama zile namba za kijani za deki. Mbingu ilikuwa na mawingu. Deki ikasema kumi na moja kasorobo. Akala bila haraka, akarudia uji, akanywa maji, akajifuta mdomo, kisha nikatoka chumbani nimeshavaa koti la kazini na kumwamkia, "Shikamoo Mjomba, bado unakula?"

"Marahaba. Nimejaaliwa muda."

"Saa kumi na mbili kasorobo hii, Mjomba."

Kwa bahati, Louisville iko magharibi kabisa ya ukanda wake wa saa, na Oktoba alfajiri huingia kwa kuchelewa, kwa hiyo funga yake ilisalimika. Deki ndiyo haikusalimika. Alichomoa waya, akaigeuza ikaelekea ukutani. Alichokasirikia zaidi ni hesabu: sisi ni watu tuliozaliwa na saa inayopishana na ya Mzungu kwa saa sita, tunahama kutoka moja kwenda nyingine bila hata kufikiri, halafu mashine ya Kijapani inashindwa na saa moja ya Tennessee. Menyu ya ukanda wa saa niliipata baadaye, chini ya kichwa cha habari kisichohusiana. Mjomba alikataa kuamini kwamba deki imepona. Alinunua saa ya ukutani.

Kufuli la wazazi nitalisema kwa kifupi. Seti za inchi 13 au zaidi zilizouzwa Marekani kuanzia mwaka 2000 zilikuwa nalo: linasoma daraja la kipindi kutoka mstari wa 21 na kukifungia kile kinachozidi. Binti yangu mdogo aliliwekea namba ya siri kabla mzazi yeyote hajajua lipo. Kwa siku nzima tulitazama katuni.

Deki ilirudishwa kazini kwa sababu nyingine, nayo ilileta mkasa mwingine. Chogo letu lilikuwa na tundu moja tu, la antena. Shemeji akatuletea mashine ya DVD, ambayo haitoi waya wa antena, na akili ya kawaida ikasema: DVD iingie kwenye deki, deki iingie kwenye televisheni. Tukaweka filamu ya kukodi. Ikaanza vizuri. Baada ya dakika kidogo picha ikafifia mpaka giza, ikarudi, ikang'aa mpaka nyuso zikawa unga, ikafifia tena. Mjomba, mtu wa Tanga, aliyeishi na mgao, hakuhitaji fundi. "Umeme mdogo," akasema, akainuka kuzima friji.

Kumbe ni ile mistari mitupu tena. Kampuni za filamu zilikuwa zinatia humo mapigo ya umeme ya kuzivuruga deki ili mtu asinakili kanda. Teknolojia hiyo inaitwa Macrovision, na filamu ya kwanza kuuzwa nayo kwenye kanda ilikuwa The Cotton Club, mwaka 1985. Deki ina sehemu inayojipimia nguvu ya picha kwa kuangalia ile mistari isiyoonekana. Ikikuta mapigo yale inadhani picha ni kali mno, inaipunguza. Mapigo yakishuka, inaipandisha. Sisi hatukuwa tunanakili chochote. Tulikuwa tunapita tu. Deki ilituadhibu kama wezi, na friji ikayeyuka bure.

Halafu tarehe 12 Juni 2009 ikaja, stesheni kubwa za Marekani zikazima analojia. Serikali ilitoa kuponi za dola 40 kwa ajili ya kununulia kisanduku cha kugeuza mawimbi, kile ambacho nyumbani tunakiita king'amuzi, na ambacho Dar es Salaam walikipigania miaka mitatu baadaye, analojia ilipozimwa huko mwishoni mwa 2012. Mwale umekufa, mstari wa 21 umekufa, maandishi sasa yanasafiri ndani ya mkondo wa dijitali yakiwa na mlango wake. Nilidhani tabu yetu imekwisha.

King'amuzi kilisoma maandishi na kuyaandika juu ya picha. Pia kilikuwa na ustaarabu wa kuutengeneza upya mstari wa 21 kwa ajili ya televisheni za zamani. Chogo likauona, likayasoma, nalo likayaandika juu ya picha. Mjomba akawa na habari mbili, moja juu ya nyingine, zikipishana kwa nusu herufi, hakuna inayosomeka. "Sasa wanaongelea puani hata kwa maandishi," alisema. Ukizima CC ya chogo inabaki ya king'amuzi. Umeme ukikatika, zote zinarudi.

Tulipompa televisheni bapa, na king'amuzi kipya cha kampuni ya kebo, ikawa kinyume: maandishi hakuna kabisa. Mjomba akabonyeza CC ya televisheni mpaka kitufe kikabaki ndani. Mimi nikapiga simu kwa kampuni, nikasikiliza muziki wao wote, nikaambiwa nizime na kuwasha. Tatizo halikuwa la kuzima na kuwasha. Waya wa HDMI haubebi maandishi kama kitu cha pekee. Hauna mstari wa 21 wala mbadala wake. Televisheni inapokea picha tupu na inaweza kubonyezwa CC mpaka vidole viote sugu bila kuonyesha herufi moja. Anayetakiwa kuwashiwa maandishi ni kile kisanduku, na kwenye kisanduku chetu menyu ya maandishi ilifunguka kwa masharti ya mganga: kwanza ukizime, kisha, kikiwa kimezimwa, ubonyeze kitufe cha menyu. Hakuna mtu mwenye akili timamu angejaribu hivyo. Aliyetuonyesha ni yule binti wa kufuli la wazazi.

Mjomba alirudi Tanga na sanduku la kanda za VHS: mieleka, habari, na ziara ya Bush yenye soseji yake. Alitaka watu waone walivyoandikwa. Hawakuona. Kanda ya Marekani kwenye deki ya Tanzania, iliyotengenezwa kwa mistari 625, ilitoa picha isiyo na rangi inayopanda ukutani, na hata ingetulia, televisheni za huko hazikuwahi kufundishwa kutazama mstari wa 21. Binamu wa Uingereza alishangaa kusikia kwamba maandishi yanaweza kukaa ndani ya kanda. Kwao maandishi yalikuwa ukurasa wa 888 wa Ceefax, huduma ya BBC iliyoanza 1974, na ukirekodi kwa deki ya kawaida ule ukurasa unakuja umesagika. Mstari wa 21 ulikuwa na herufi chache na vidoti vinene, kwa hiyo kanda ya VHS iliweza kuuhifadhi. Yale maneno yote ya Mjomba bado yamo ndani ya zile kanda, juu kidogo ya picha, yanacheza.

Mjomba akanirudishia kanda ili nizigeuze ziwe za dijitali, na hapa ndipo ninapokuwa na neno na wewe msomaji, hasa uliyeko Marekani na una sanduku kama hilo kabatini. Duka la kwanza lilinirudishia faili safi za kupendeza, wamekata ukingo wa juu "uliokuwa na uchafu mweupe unaomwekamweka". Uchafu ule ndio uliokuwa maandishi. Mashine nyingi za kunakili huanza kuchukua pale picha inapoanzia na kuuacha mstari wa 21 nje, na mtu wa kaunta hajui. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize kama mashine yake inachukua mstari wa 21. Akijibu kwamba atakusafishia vizuri ukingo wa juu, chukua kanda zako uondoke.